Shusha, Zidisha, Jumlisha: Mwalimu wa Hesabu Anatuaga

Miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Huo ndio utumishi wa mwalimu wetu wa hesabu katika shule hii, na Ijumaa ya tarehe 28 Novemba ataufunga, atarudisha ufunguo wa kabati, atakunja ile sweta yake ya kijivu na kwenda kwake. Hayo hayana ubishi. Ubishi uko kwenye ile siku ya mkaguzi, na hapo tuelewane mapema: kila mtu anaisimulia vibaya. Mpishi anasema mwalimu alilia. Hakulia. Mlinzi wa geti anasema mkaguzi alianguka na kiti. Hakuanguka, na mlinzi mwenyewe siku hiyo alikuwa getini, mita mia mbili kutoka darasani, ameligeuzia darasa mgongo. Mwalimu wa fizikia naye ana yake, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu inafanana na ukweli. Nitaifikia.

Mimi ni fundi seremala wa shule. Nilikuwepo. Nilikuwa juu ya ngazi dirishani, nusu ndani nusu nje, nafunga bawaba, na kama kuna mtu aliyeona mambo yote siku ile basi ni mimi, maana niliyaona kutoka juu. Kusoma sikusoma sana, darasa la tatu lilinitosha, au mimi ndiye niliyelitosha lenyewe. Kwa hiyo haya nayasema kwa mdomo na katibu muhtasi wetu anachapa. Nimemwambia asinirekebishe. Kamati ya sherehe ilitaka kazi hii apewe mwalimu wa Kiswahili, lakini mwalimu wa Kiswahili ana miaka sita tu hapa. Mtu wa miaka sita ni mgeni, bado anauliza choo kiko wapi.

Mwalimu wetu wa hesabu alifika Jumatatu moja asubuhi, binti mwembamba na begi kubwa kuliko yeye. Wenzake wote wakifika huenda ofisini kwanza. Yeye alisikia randa inalia akaja moja kwa moja karakana. Nikadhani amepotea. Hakupotea. Alitaka kujua nani aliyetengeneza meza ya chumba cha walimu, maana alipochungulia dirishani aliona inachechemea. Nikamwambia meza haina neno, kinachochechemea ni sakafu. Akanitazama. Akaomba rula, akaenda, akapiga magoti na viatu vyake vya siku ya kwanza kazini, akapima miguu yote minne. Ilikuwa meza. Tangu siku hiyo tukawa marafiki, na tangu siku hiyo sijawahi kupeleka meza mahali bila kupima mara mbili.

Karakana yangu na darasa lake vinatenganishwa na ukuta mmoja, na ukuta wenyewe wa matofali membamba. Kwa hiyo mimi hesabu za darasa la juu nimezisoma miaka thelathini na mmoja bila kuvaa sare. Sijui kuandika barua ya ruhusa, lakini nipe polinomia nikugawie. Mke wangu hukataa kuamini. Nimewahi kumgawia moja mezani, kwa chaki ya seremala, kabla hajapakua chakula, naye akaniambia nifute meza.

Polinomia ni nini? Mimi nasema kama nilivyoielewa kupitia ukutani, wenye shahada watanivumilia. Ni familia ya eksi iliyosimama kwa kimo. Mbele yuko eksi kipeo cha tatu, huyo ndiye kaka mkubwa. Anafuata eksi kipeo cha pili, halafu eksi mtupu, na mwisho kabisa namba isiyo na eksi yoyote, kitinda mimba, anaburuza miguu. Kila mmoja ana namba yake mbele. Sasa ukitaka kuigawa familia hiyo kwa kitu kama eksi kutoa mbili, kuna njia ya kitabuni, ndefu, inateremka ubaoni kama ngazi ya mnara. Unaandika, unatoa, unashusha, unaandika tena eksi zilezile ulizokwisha kuziandika, hadi chaki inaisha na kengele inalia.

Mwalimu wetu alileta ile ya mkato. Vitabuni inaitwa mgawanyo sintetiki. Yeye aliwavua eksi wote, akabaki na namba za mbele tu, akazipanga mstari mmoja. Kwa eksi kutoa mbili, nje ya mstari aliweka mbili. Halafu darasa zima liliimba: shusha, zidisha, jumlisha. Unashusha namba ya kwanza kama ilivyo. Unaizidisha kwa ile mbili, unaweka jibu chini ya namba inayofuata, unajumlisha. Unazidisha tena, unajumlisha tena. Namba ya mwisho kabisa ndiyo baki, na zilizotangulia ndizo jibu. Mistari mitatu, imekwisha. Mimi randa yangu ilikuwa inakwenda kwa wimbo huohuo. Milango ya bweni la wasichana yote imepigwa randa kwa shusha, zidisha, jumlisha, na hadi leo haijapinda.

Lakini pana shimo moja njiani, na wanafunzi walikuwa wanatumbukia humo kila mwaka. Wakati mwingine katika ile familia kuna mtu hayupo. Unapewa eksi kipeo cha tatu, kutoa saba eksi, kujumlisha sita. Eksi kipeo cha pili yuko wapi? Hayupo. Basi wanafunzi wanapanga moja, hasi saba, sita, wanaendelea na safari kana kwamba hajawahi kuzaliwa. Jibu linaharibika lote. Nafasi yake lazima iwekwe sifuri.

Mwalimu alisema hilo kwa upole, akalisema kwa ukali, akaliandika kwa chaki nyekundu. Mwisho akaja karakana. Akaniagiza viti vitano vidogo visivyo na egemeo, kila kimoja kimechongwa mbele cheo cha mwenye nacho, kuanzia kipeo cha nne hadi kitinda mimba, na vibao vya namba vya kushika mkononi. Akavipanga mbele ya darasa. Kila eksi aliyekuwepo kwenye hesabu alipewa mwanafunzi wa kukaa na kibao chake. Asiyekuwepo, kiti chake kilibaki palepale na kibao cha sifuri juu yake. Hakuna kukiondoa, hakuna kukikalia. Nilivitengeneza kwa mbao ngumu, miguu imeingia kwa tundu na ulimi, hakuna msumari hata mmoja. Viti vile ni kazi yangu bora kuliko zote katika shule hii, na nasema hivyo nikijua kwamba meza ya mkuu pia ni yangu.

Vilimtia matatani mara moja tu. Mama mkwe wake alikuja kumletea funguo za nyumba. Mama wa watu amechoka, ametembea kutoka kituoni, akaona darasa lina viti vinne vimejaa na kimoja kitupu, akaketi. Mwalimu akamwendea kwa heshima zote, akamweleza kuwa hapo hakai mtu, mama, hapo ni pa kipeo cha pili na kipeo cha pili hakuja. Mama mkwe akauliza kama huyo kipeo ni mgonjwa. Akanyanyuka, akatoka, na mwezi mzima alikuwa anampigia simu mwanawe tu. Mume wa mwalimu, dereva wa lori, mtu mpole sana, ndiye aliyekwenda kuwapatanisha. Sijui alimwelezaje mama yake. Mimi nilijaribu kumweleza mke wangu nikashindwa.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe.

Mwaka wake wa tisa tuliletewa mkuu mpya wa shule. Tulimwita Bwana Mstari, kwa sababu alitembea na rula na alipigia mstari kila kitu, hata sahihi yake. Naye alikuwa mtu wa hesabu, na hakuwa mjinga, tusimwonee. Siku moja alimkamata mwanafunzi kwenye korido akamuuliza: kama unagawa kwa eksi kutoa mbili, kwa nini unazidisha kwa mbili na si kwa hasi mbili? Mwanafunzi akajibu kwamba ndivyo wimbo unavyokwenda. Bwana Mstari hakulala vizuri baada ya hapo. Akamwambia mwalimu mbele ya wenzake, birika linachemka katikati yao, "Huu si ugawanyaji, ni mazingaombwe."

Akaandika barua. Mkaguzi angekuja Jumanne kuliangalia darasa la juu. Kama ingeonekana wanafunzi wanajua wanachofanya, sawa. Kama ingeonekana wanaimba tu kama kasuku, njia ya mkato ingepigwa marufuku, darasa la juu lingepewa mtu mwingine, na mwalimu angehamishiwa stoo ya vitabu, kubandika majalada yaliyochanika. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebaki wiki nane. Mwalimu alikuwa amewalea watoto wale miaka mitatu.

Jumatatu alikuja karakana akakaa juu ya ubao, maranda yamefunika viatu. Kwa kawaida alikuwa ananitania kwanza, kuhusu tumbo langu au kuhusu ile meza. Siku hiyo hakutania. Akasema, "Fundi, ile stoo haina dirisha." Nikamwambia dirisha mimi naweza kulitoboa. Akacheka kidogo, kwa adabu tu, akaondoka.

Na hapohapo mkuu akaagiza vile viti vitano vitolewe darasani vipakwe vanishi, mgeni asije akaona mbao chakavu. Vanishi ya wakati ule ilitaka siku mbili kukauka, tena za jua, na wiki ile ilikuwa ya manyunyu. Jumanne asubuhi viti vilikuwa bado vinanata kama asali. Mwalimu akaja kuviulizia. Akagusa kimoja, akabaki na kidole cha kahawia. Akatazama kidole, akatazama viti, akaingia darasani na chaki peke yake. Mkuu yule alimkosea mengi na mengi alimsamehe. La viti hajamsamehe mpaka leo.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja wa makamo, miwani imefungwa uzi, mtu wa maneno machache. Alikaa dawati la mbele pamoja na wanafunzi, magoti hayaingii. Mkuu alisimama pembeni. Mwalimu wa fizikia, wakati huo kijana, alijipenyeza nyuma kwa kisingizio cha kutafuta ramani. Mimi nilikuwa dirishani. Bawaba ile ingeweza kungoja, lakini nilihakikisha haingoji.

Mkaguzi akatoa karatasi. Eksi kipeo cha tatu, kutoa saba eksi, kujumlisha sita, igawanywe kwa eksi kutoa mbili. Mkuu akapata wazo: yeye afanye kwa njia ndefu upande wa kushoto wa ubao, mwalimu afanye kwa mkato upande wa kulia, wanafunzi walinganishe. Mkaguzi akainua mabega, haya.

Miaka tangu apate vile viti mwalimu alikuwa hajagawa polinomia mbele ya darasa bila vyenyewe kuwa ubavuni mwake. Jicho lake lilikuwa limezoea kuviona. Siku ile ubavuni palikuwa na sakafu tupu, mkaguzi nyuma yake, mkuu kushoto kwake anachora mistari kwa rula. Akaandika moja. Akaandika hasi saba. Akaandika sita.

Darasa likaimba naye. Shusha moja. Moja mara mbili, mbili. Jumlisha na hasi saba, hasi tano. Hasi tano mara mbili, hasi kumi. Jumlisha na sita, hasi nne. Baki ni hasi nne. Akapigia duara, akageuka. Dakika haikufika.

Mimi niliona. Bila shaka niliona, nilikuwa juu. Nilitaka kukohoa, lakini nilikuwa na skrubu tatu mdomoni.

Mkuu yeye hakuwa na haraka. Aliteremka na ngazi yake ndefu, akaandika, akatoa, akashusha, akafika chini kabisa ya ubao hadi akapiga goti kuandika mstari wa mwisho. Baki: sifuri. Akasimama, akapangusa suruali, akatazama hasi nne ya mwalimu kwa muda wa kutosha. Halafu akaiingiza rula mfukoni, kama mtu aliyemaliza kazi.

Watoto thelathini na wanne wanatazama ubao wenye majibu mawili. Mkaguzi akaanza kuandika kitu.

Hapa ndipo mwalimu wa fizikia anapoingia, na hapa ndipo anapoiharibu stori kila mwaka kwenye chai ya kufunga shule. Yeye anasimulia kwamba mwalimu alikosea makusudi, kuwapima wanafunzi. Si kweli, na yeye ndiye anayejua zaidi kuwa si kweli, kwa sababu ndiye aliyemrushia hiyo kamba. Alisema kutoka nyuma, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, si unawajaribu?" Kilichotakiwa ni mwalimu atabasamu tu. Angetabasamu, angesema ndiyo, angefuta, stoo ingesahaulika.

Mwalimu akamtazama, akamtazama mkuu. Akasema, "Hapana. Nimekosea kweli, na sijaona wapi. Nitafutieni."

Akaweka chaki mezani, akavuta kiti cha mwalimu, akakaa. Katika miaka thelathini na mmoja hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona amekaa akiwa darasani. Kiti chenyewe kililia, sijakitia gundi siku nyingi, hakijazoea mtu.

Dawati la nyuma alikuwepo msichana tuliyemwita Kimya. Watu husema siku hizi ni profesa ng'ambo. Siye, ana duka la vipuri vya magari, hapahapa mjini, na ukimuuliza bei ya klachi hatabasamu. Kimya akanyoosha mkono. Akasema amechukua mbili, akaiweka mahali pa eksi kwenye hesabu ya mkaguzi: mbili kipeo cha tatu ni nane, utoe kumi na nne, ujumlishe sita, inabaki sifuri. Kwa hiyo baki lazima iwe sifuri. Ya mkuu ni sawa, ya mwalimu imekosewa.

Mkuu akaitikia kwa kichwa. Mkaguzi akaacha kuandika. Akamuuliza Kimya, kwa nini mbili, kwa nini isiwe hasi mbili. Lilikuwa swali lilelile la korido. Kimya akasema: kwa sababu eksi ikiwa mbili, eksi kutoa mbili inakuwa haipo, kinachosalia ni baki peke yake. Alilisema kama mtu anayetaja jina la mama yake. Mkuu akatoa rula mfukoni, akairudisha.

Mkaguzi akauliza, basi mwalimu wenu amekosea wapi. Kimya akaja mbele. Akasimama pale viti vinapokaa siku zote, akatazama sakafu kwanza, ndipo akatazama ubao. "Kipeo cha pili hakuja," akasema, "na kiti chake hakipo." Akachukua chaki, akabana sifuri katikati ya moja na hasi saba. Akasema hesabu ya mwalimu haina kosa hata moja, amezidisha sawa na amejumlisha sawa, ila amegawa polinomia ya watu wengine. Moja, hasi saba, sita ni eksi kipeo cha pili, kutoa saba eksi, kujumlisha sita. Hiyo ndiyo baki yake ni hasi nne.

Darasa likashusha, likazidisha, likajumlisha upya. Moja. Mbili. Hasi tatu. Sifuri. Yaani eksi kipeo cha pili, kujumlisha mbili eksi, kutoa tatu, na baki hakuna. Walipofika kwenye ile sifuri ya mwisho hawakupiga makofi, msimsikilize mpishi. Waliendelea kutazama ubao tu, kukagua.

Mkaguzi akageuza karatasi akawapa nyingine, mbaya zaidi, kila mtu kwenye daftari lake: eksi kipeo cha nne, kutoa tano eksi kipeo cha pili, kujumlisha nne, igawe kwa eksi kujumlisha moja. Hapo wasiokuja ni wawili. Akapita dawati kwa dawati. Madaftari thelathini na manne, kila moja lina sifuri mbili mahali pake. Moja, hasi moja, hasi nne, nne, sifuri. Mkuu naye alikuwa ameanza ubaoni, sijui kwa mazoea au kwa ubishi, na darasa lilipomaliza alikuwa bado anapiga mstari wake wa pili.

Mkaguzi akavua miwani. Akawauliza nani amewafundisha kumkagua mwalimu wao. Wote thelathini na wanne wakanyoosha vidole kwa mwalimu, aliyekuwa bado amekaa pale, mikono magotini, kidole kimoja cha kahawia.

Ripoti ilikuwa na mistari miwili. Ilisema darasa linaelewa na mwalimu abaki. Kuanzia hapo njia zote mbili zilifundishwa, ndefu kwanza, fupi baadaye, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo. Alisema yule mwanafunzi wa korido alimuuma kuliko mkuu. Na Bwana Mstari, haki yake nimpe, baada ya wiki mbili alibisha mlango wa darasa wakati wa mapumziko akaomba aonyeshwe ile ya mkato polepole. Nilisikia kupitia ukutani. Alikuwa anasahau sifuri.

Ndiyo maana ile ya mwalimu wa fizikia siipendi. Anadhani anampamba. Kujifanya umekosea hata mimi naweza, nimejifanya mara nyingi, hasa karani wa vifaa anapouliza mbao zimekwenda wapi. Lakini kukosea kweli mbele ya mtu anayekutakia mabaya, ukapewa njia ya kutokea, ukaikataa kwa sababu watoto thelathini na wanne wanakutazama, hilo nimeliona mara moja, na nimefanya kazi na watu wengi.

Baada ya siku ile alifundisha darasa la juu miaka ishirini na miwili mingine. Aliongoza idara ya hesabu miaka kumi na minne. Alianzisha masomo ya Jumamosi kwa waliobaki nyuma, chai juu yake, na akaandika kijitabu cha mazoezi ambacho shule tatu za jirani zinakitumia bila kumwomba. Walimu wanane waliopo hapa leo alikuwa akiwafundisha. Hata katibu muhtasi anayechapa haya alipita mikononi mwake, mtihani wa kwanza akapata thelathini na nane. Anasema hilo halichapi. Naona amelichapa.

Ana mabaya yake pia. Chaki anaivunja vipande viwili kabla hajaitumia, kila chaki, hajawahi kueleza kwa nini. Vikao vya walimu alikuwa anasahihisha madaftari chini ya meza, akiulizwa maoni anasema anaunga mkono, hajui nini. Sauti yake inapita ukuta wangu kama msumeno. Mara mbili amenikuta nimesinzia karakana akanigongea ukuta kwa kifutio, bila kukatisha somo.

Anasema akistaafu atafuga kuku na kujifunza kuogelea. La kuku naliamini. La kuogelea, mumewe ameniambia kando kwamba amekwisha kununua kofia ya mpira, na anaivaa jikoni ili aizoee.

Mwalimu, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi wote, wanafunzi wa jana na wa leo, na ule ukuta, tunakushukuru. Umetufundisha hata tusiokuwa kwenye orodha yako. Nenda ukapumzike, ukae chini sasa, afya ikufuate, mume na wanao wakutunze, kuku watage, na maji yakubebe. Siku ukitukumbuka, mlango wa karakana unaujua.

Nimemaliza, lakini katibu asizime mashine. Nimeona ratiba. Mkuu wa zamani, Bwana Mstari, amealikwa na ameahidi kuja, na kamati imempangia kukaa kando ya mwalimu. Sasa kabla hawajaketi, nina la kuungama. Niliyosema yote ni kweli, hata skrubu, ila kimoja nimekitunga, na nimekitunga tangu siku ileile. Mkuu hakuagiza viti. Hakuna aliyeagiza. Nilivibeba mwenyewe Jumatatu jioni, darasa likiwa tupu, kwa sababu nilisikia mgeni mkubwa anakuja na nilitaka aone kazi ya mikono yangu inang'aa. Mwalimu alipokuja na kile kidole akaniuliza nani amesema vipakwe, nikajibu mkuu. Mwalimu, usimnunie mzee wa watu. Ninunie mimi.